Hotuba ya Kuzindua Mfumo wa Kale katika Kompyuta ya Idara ya Mipaka ya Pwani

Bi Kazija, shikamoo.

Nakuomba, kabla hujaendelea kusoma, uhakikishe uko peke yako. Usimwambie mtu, hata sheha, hata mwanao Suhaib, kwamba kuna karani aliyekuandikia. Ulitoka ukumbini kwa hasira kabla hotuba ya Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Haroub Matar, haijafika mwisho. Tangu hapo ameniamuru niandike taarifa kwamba ramani za mashamba yenu ya mwani zilipotea kwa hitilafu ya umeme. Jumatatu mnakwenda mbele ya kamati kubishana na hoteli inayotaka kujenga gati juu ya vigingi vyenu, na bila ramani hizo hamna la kuonyesha. Kwa hivyo nakupa hotuba yote kama nilivyoinukuu, ili ujue la kuuliza. Ukishaishika kichwani, ichome. Maneno ya kwenye mabano ni yangu.

*

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa masheha wa Matemwe na Kiwengwa. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wasaidizi wa vitengo, na wanaokaimu nafasi za wakuu wasaidizi. Wadau wetu wa maendeleo. Kina mama wa mwani, ambao naona mmekaa nyuma chini ya feni mbovu. Mabibi na mabwana: Asalaam aleikum. (Wanaitikia.) Asalaam aleikum tena, kwa sababu ile ya kwanza haikunitosha. (Wanaitikia kwa nguvu zaidi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu wa idara nyingine wamejitahidi kuufikia bila mafanikio, kuzindua Mradi Jumuishi wa Kurejesha Mfumo wa Kale wa Uendeshaji katika Kompyuta ya Idara. (Makofi, yakianzishwa na Naibu Mkurugenzi.) Wako watakaouliza kwa nini mfumo wa kale, na dunia inakwenda mbele. Nawajibu. Jengo hili limo ndani ya Mji Mkongwe. Humu huruhusiwi kubadilisha mlango, huruhusiwi kuezeka unavyotaka, na ukuta wenyewe unataka chokaa, si saruji. Sasa inakuwaje, ndani ya kuta hizi zilizohifadhiwa, tuwe na kompyuta yenye mfumo wa mwaka juzi, unaojisasisha kila asubuhi bila ruhusa ya mtu, na unaoniuliza neno la siri mimi, Mkurugenzi, kana kwamba haunijui? (Kicheko.) Huo ni ukiukwaji wa maadili ya uhifadhi, na mimi kama mdau namba moja wa sasteinabiliti, yaani uendelevu, katika ukanda huu sikuweza kuuvumilia. Utafiti tulioufanya, mimi na Naibu wangu, unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wafanyakazi wanautaka mfumo wa kale, na asilimia kumi na moja iliyobaki wako likizo. (Makofi.)

Kitaalamu, ndugu zangu, kabla ya kuweka mfumo lazima kwanza uigawe diski, halafu uifomati. Diski ni kama nyumba. Kuigawa ni kuitia kuta ili ipate vyumba, ambavyo sisi wataalamu tunaviita patisheni. Kuifomati ni kukifagia kila chumba hadi kisibaki kitu. Vijana wa siku hizi wanagawa diski ovyo. Chumba kikubwa wanaupa mfumo. Mimi nikasema hapana, nyumba zetu sisi zinagawiwa kwa adabu. Nikaanza na chumba cha wageni, kwa sababu hakuna nyumba Unguja isiyokuwa na pa kumweka mgeni, na nikakipa nusu ya diski. (Makofi ya kweli.) Kikafuata cha Mkurugenzi, chenye nafasi inayolingana na cheo. Kikafuata cha Naibu. (Naibu anainuka kidogo kitini.) Nikatenga cha wanawake na cha wanaume, mbali mbali. Kilichobaki, kijiukumbi kidogo pale chini ya ngazi, ndicho nilichoutengea mfumo wa kale. Karani wangu akaninong'oneza kwamba hautoenea. Nikamwambia, kijana, huu ni mfumo wa zamani, umezoea maisha ya kubanana. (Kicheko. Wananitazama.)

(Hapa ndipo uliposimama, Bi Kazija, ukasema: "Mwanangu Haroub, hivyo vyumba ulivyofagia, ramani zetu ulizitoa kwanza?")

Bi Kazija, nimekusikia. Suala lako ni zuri na litaingizwa katika mpango kazi. Nilipofika kwenye kufomati, kompyuta iliniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena. Nikajibu ndiyo. Kiongozi hayumbi. Na nataka ieleweke, mbele ya kamera hizi, kwamba aliyebonyeza si fundi wala si karani. Ni mimi mwenyewe, kwa kidole hiki. (Anakionyesha. Makofi. Mpiga picha anamwomba akionyeshe tena. Anakionyesha tena.)

("Nshakuuliza jambo moja tu," ulisema. "Ziko wapi?")

Ramani, bibi yangu, ziko katika kipindi cha mpito.

("Mpito wa kwenda wapi? Vigingi vyangu vimo majini, havijui mpito. Mlipokuja kupima, kamba nliishika mie, maji yamenifika kiunoni, na wewe ulikaa pwani umeshikiwa mwavuli." Kicheko kirefu upande wa kina mama. Ukachukua mkoba wako ukatoka. Yafuatayo hukuyasikia.)

Naomba utulivu. Mama yetu amekwenda kuswali. (Haukuwa wakati wa sala.) Kina mama mliobaki, msiwe na wasiwasi, kwa sababu ifikapo robo ya tatu ya mwaka, au robo yoyote itakayofuata, kila kigingi cha mwani kuanzia Matemwe hadi Kizimkazi kitakuwa na anwani yake ya barua pepe. Kila sheha atapewa diski yake mwenyewe, tupu kabisa, aigawe kadiri ya busara zake. Na ifahamike kwamba hatua iliyokwisha kukamilika, yaani kufagia, imekamilika kwa asilimia mia moja na nne, ufanisi ambao haujawahi kuonekana katika idara hii wala katika idara jirani. (Makofi.)

Semeni nami. Mfumo wa kale! ("Juu!") Diski safi! ("Juu!") Chumba cha wageni! ("Juu zaidi!")

Namalizia kwa shukurani. Nawashukuru wafadhili, ambao siku tukiipata anwani yao tutawaandikia. Namshukuru fundi, tutakapompata. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Nahodha, mchapaji wa bango hili lililo nyuma yangu, ambaye juzi alinipigia simu kuniuliza bango liandikwe nini. Kabla ya simu yake hapakuwa na mradi, hapakuwa na bajeti, na huo mfumo wa kale hatujauagiza wala hatujauona. Palikuwa na diski niliyokwisha kuifuta, na ukumbi uliokwisha kukodiwa. Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi marefu. Sambusa zinaletwa.)

*

Nami nilipiga makofi, Bi Kazija, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Taarifa ya umeme sijaiandika. Asubuhi ile, kabla hajabonyeza, alinituma kahawa. Nilichelewa kutoka, nikanakili kwanza. Ramani zenu zote ninazo, katika flashi ndogo inayoenea kiganjani. Kutoa faili nje ya jengo ni kosa la kufukuzwa kazi, na kwetu mwenye kazi ni mimi peke yangu, kwa hivyo tafadhali fuata haya kama yalivyo.

Usije ofisini wala usinipigie simu. Jumamosi asubuhi nenda Darajani, duka la kanga la Bi Ulfat, ambaye ni mama yangu mdogo. Mwambie unataka kanga isiyo na maneno. Hakuna mwanamke Unguja anayeuliza kanga kama hiyo, kwa hivyo atajua ni wewe. Wateja wengine watakucheka, na yeye atakwambia hakuna. Ng'ang'ania. Atakukunjia doti moja. Usiikunjue mpaka ufike kwenu Matemwe.

Na ukinihitaji mimi mwenyewe, Jumatatu nitakuwamo katika chumba cha kamati, kiti cha mwisho karibu na mlango, nanukuu yanayosemwa. Wakiuliza nani aliyebonyeza, geuka unitazame tu. Miguu ikinikubalia, nitasimama niwasomee hotuba hii.