Beberu la Gasto na Ukuta wa Pasaka

Hakuwa na chokaa. Hakuwa na rangi ya mafuta, wala brashi, wala ngazi, wala yale maua ya plastiki yaliyojaa madukani tangu biashara iachiwe huru. Hakuwa na pazia, hakuwa na dari, na subira aliyokuwa nayo aliazima kwa mkewe. Hata hivyo, enyi watu wa Ulemo na ninyi wa mbali, sogezeni vigoda vyenu msikie jinsi Melkiori, Simba wa Elimu ya Watu Wazima, mwenye vyeti viwili vilivyotundikwa kwenye msumari mmoja, alivyoipamba nyumba yake kwa Pasaka ya mwaka tisini na moja.

Chanzo cha vita kilikuwa barua. Binti yake Winfrida, karani huko Dodoma, aliandika kwamba atakuja Pasaka kumtambulisha mchumba wake, Chrispin, lakini watalala nyumba ya wageni Kiomboi, "ili tusiwasumbue." Neno hilo Melkiori alilisoma mara tatu, na kila mara akaiona nyumba yake ya udongo kwa macho ya mwanawe. Akaapa kutojibu mpaka aweze kuandika, bila chembe ya uongo, kwamba nyumba imependeza.

Basi akakusanya jeshi lake: kurasa za magazeti ya Ulaya, zenye picha za kung'aa, alizookota mnadani zilizofungiwa mitumba. Akamwamuru Felista, mkewe, apike uji mzito wa mtama wa kubandikia. Kisha, kwa hekima wasiyoijua wale waliokacha kisomo cha jioni, akautia chumvi viganja vitatu.

"Chumvi ya nini, Baba Winfrida?"

"Mchwa hagusi chumvi, mama. Sayansi imekwisha kusema."

"Haya. Na huyu Mzungu aliyekaa ndani ya bafu, naye anangoja ufufuko?"

Shujaa akaendelea kukoroga uji, maana mashujaa hawabishani na jikoni. Kutwa nzima alibandika ukuta wa barazani, kutoka ardhini hadi paani, akalala usingizi wa washindi.

Kulipopambazuka, beberu la jirani yake Gasto lilikuwa barazani, likiramba ukuta kwa ibada. Lilikuwa limekwisha kula mabafu matatu na nusu ya mlima wenye theluji.

Melkiori akatwaa ufagio. "Ewe mwenye ndevu usiye na haya," akanguruma, "umeivamia ngome ya msomi. Rudi kwa bwana wako ukamwambie kwamba Melkiori yu hai na ana silaha."

Beberu likamtazama, likamalizia mlima.

"Mzee mwenzangu, usimpige," Gasto akasema kutoka nyuma ya ua wa minyaa. "Umemwandalia meza mwenyewe, na chumvi ukatia."

Shujaa akaketi kizingitini. Pasaka ilibakiza siku kumi na mbili, na barua ya Dodoma ilikula siku nane njiani. Kwa mara ya kwanza tangu apate cheti cha pili, akaulaza ufagio chini.

Felista akatokea na ndoo ya samadi na majivu. Akakwangua uji na kurasa zote zilizobaki ukutani, akaupaka ukuta samadi hiyo kuanzia chini hadi kifuani, akachora kwa vidole mistari ya kupindapinda kama aliyokuwa akichora mama yake, kisha akapanga maua ya alizeti juu ya mlango. Kumbukumbu za vita hazijali nani alibeba ndoo. Zinasema tu kwamba Melkiori alisimama karibu sana, akionyesha kwa kidole.

Alasiri adui akarudi. Akanusa samadi, akapiga chafya, akaenda zake. Vizazi vya Ulemo na vihesabu miaka kuanzia chafya hiyo.

Ndipo Melkiori akaketi kuandika. "Mwanangu Winfrida, nimeipamba nyumba." Akasita. Akakumbuka kiapo chake. Akamtazama Felista akinawa mikono, akafuta kwa mstari ulionyooka, akaandika: "Mama yako ameipamba nyumba. Mlale hapa."

Akaibandika bahasha kwa uji ule wa chumvi uliosalia chunguni, akaenda kumpa kondakta wa basi la Singida aipeleke posta. Alipopita kwa Gasto aliinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, mpaka beberu likabaki nyuma.