Stetoskopu Iliyonyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Mtihani wa moyo ni keshokutwa. Muhula mzima nimetundika stetoskopu shingoni na sijawahi kusikia kitu. Kimya! Wenzangu husikia du-dup: du ni vali za ndani zikijifunga, dup ni zile za kwenye mishipa mikubwa. Mimi hutikisa kichwa tu, nimekunja uso kama msomi. Nikifeli narudia mwaka. Na mama keshawaambia majirani waniite daktari!

Jumanne, 4 Machi

Mbinu imepatikana. Tutatahiniwa kwa mgonjwa, mzee wa kitanda cha dirishani. Mwenzangu mwenye maringo, tunayemwita Masikio, kasema vali ya mzee inavuja: kati ya du na dup kuna mvumo, fuuu. Nimeukariri mpaka bafuni. Nilimuuliza mzee anajisikiaje. Akasema yeye hajambo, ila mjukuu wake mimi natetemeka, nitafutiwe kitanda.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mwalimu, tunayemwita Bi Nyundo, aliniuliza nasikia nini. Nikamwaga yote, na fuuu nikaivuta kwa madoido. Akaniacha nimalize. Kisha akakishika kile kichwa cha stetoskopu kinachowekwa kifuani. Akasema kina pande mbili, ukikizungusha, mmoja unafunguka, mwingine unafungwa. Kwa kawaida upande wa kifuani huufunga yeye kwa siri, awanase waongo. Leo kaukuta umeshafungwa! Jibu sahihi lilikuwa: sisikii kitu, mwalimu. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Bi Nyundo akakizungusha kile kichwa, ka! Du-fuuu-dup. Moyo wa mtu, ndani ya masikio yangu! Nilitaka kulia. Muhula mzima nimebeba stetoskopu iliyofungwa. Bi Nyundo kanihurumia: narudia Ijumaa, mgonjwa mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Masikio kajitolea nifanyie mazoezi kifuani kwake. Nimemwambia sina muda. Bi Nyundo nimeshamjulia! Ataufunga tu ule upande, na safari hii simpi nafasi. Nimeshinda kwenye kioo nikisema sisikii kitu, mwalimu, kwa uso wa mtu mkweli. Dada kapita, kaniuliza nani kafariki.

Wasiwasi wangu ni mmoja: je, ikitokea sauti nikashtuka, uso ukanisaliti? Nimelifikiria hilo pia. Kesho naziba masikio kwa pamba, nisije nikasikia kitu kwa bahati mbaya.