Ombi la Kufunguliwa kwa Barabara Iliyofungwa kwa Hesabu

Kwa Mkuu wa Idara ya Hisabati Tumizi na Fizikia ya Nadharia

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ubao wako umejaa. Mimi ni mwandishi wa habari za jiji katika gazeti mnalolisoma huko idarani, au walau mnalofutia ubao. Ndimi niliyeandika, ukurasa wa tatu, kuhusu utafiti wa daktari wenu wa hisabati, yule mama anayetembea na chaki mfukoni.

Kwa ufupi, aligundua kwamba njia ya mkato inayopita nyuma ya soko ikifungwa, magari yote yatafika mapema zaidi. Kila dereva aliikimbilia kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa kila dereva ana akili, wote walikutana humo wakabanana. Halmashauri ya jiji ilicheka, ikajaribu, ikaacha kucheka. Foleni imekwisha. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza, nami naziweka mbele yako kwa mpangilio.

1. Mmeharibu methali. Tangu utoto tuliambiwa njia ya mwongo ni fupi. Ninyi mmethibitisha, kwa alama nisizoweza hata kuzitamka, kwamba njia fupi yenyewe ndiyo mwongo. Si vibaya kugundua mambo, lakini wazee wangeulizwa kwanza.

2. Foleni ilikuwa udhuru usiohitaji cheti cha daktari. Ukisema "foleni", bosi alishusha pumzi, mkailaani halmashauri pamoja, na kazi ikaanza kwa umoja. Sasa nikichelewa naulizwa nilikuwa wapi. Nimeishi kwa kuwauliza watu maswali, na sikujua kwamba hilo linauma hivi.

3. Mama mkwe. Zamani alikuja penye msiba au mtoto mchanga, akafika hoi, akalala. Siku hizi anafika kila Jumamosi chai haijachemka, na nguvu zake zote anazo. "Baba," ananiambia akivua viatu, "kumbe mlikuwa jirani siku zote, mlinificha tu." Mke wangu anasema hesabu ni baraka. Simbishii, mama yake amekaa katikati yetu.

4. Hili ndilo kubwa. Mhariri wetu, ambaye kwa desturi halisomi gazeti lake, aliisoma makala yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliisoma tena akiwa amesimama, kisha akafunga mlango mmoja kati ya miwili ya chumba cha habari. Tukatoka kwa utaratibu, akafurahi. Akafunga choo kimoja. Hapo matokeo hayakuwa wazi, maana wenzangu waliacha kunywa maji, naye akaliita hilo ufanisi.

Jumatatu akaja mezani kwangu. "Mzee wa Jiji," akasema, maana ndivyo wanavyoniita, "habari zinachelewa kwa sababu njia zimezidi. Wewe ndiye ile ya nyuma ya soko."

Nikamwambia mimi ni mtu.

"Usilichukulie moyoni. Ni sayansi."

Akabandika karatasi kwenye kiti changu: NJIA IMEFUNGWA KWA MAJARIBIO. Tangu hapo nakaa mapokezini, kwenye benchi la wageni. Gazeti likitoka mapema wiki hii, kiti kinaondolewa na mimi nakifuata. Na kwa umri wangu, hakuna chumba kingine cha habari kitakachonivutia kiti. Wenzangu wananiunga mkono kwa namna yao: wanapita mbele yangu wakipiga honi kwa midomo.

5. Nawahofia na wengine. Kocha akisikia haya, si atamtoa golikipa ili mpira upite vizuri? Mwalimu mkuu wa shule anakosoma kitinda mimba wangu ameshauliza ni somo gani likiondolewa mengine yataeleweka haraka. Wanafunzi, kwa kauli moja, wamependekeza la kwenu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Utafiti ubatilishwe na njia ifunguliwe, tubanane kama watu huru. Au, ikiwa ukweli haubatilishwi huko kwenu, basi ufichwe mpaka nistaafu. Ofisi nyingi hufanya hivyo bila taabu, na naweza kuwaelekeza baadhi.

Nisalimie watafiti wako wote: wanaofanya kazi na nambari, na wale walioishiwa nambari wakabaki na herufi. Wasalimie pia wa nyumbani kwako, hasa kama nao wana wakwe.

Wako niliyefungwa kwa majaribio,

Mwandishi wa Habari za Jiji
(kwa sasa, Mapokezini)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha daktari wenu alipoingia. Mhariri alikuwa amemwita aje kuthibitisha kufungwa kwangu mbele ya wafanyakazi, na mwenye gazeti naye alikuja kushuhudia. Daktari aliuliza kila habari hupitia kwa nani, akachora meza zetu ukutani kwa chaki, akavuta mishale.

"Huyu?" akasema, akinitazama. "Huyu ni kichochoro. Hakuna anayepita. Mkimfunga au mkimwacha, ni yale yale."

Kisha akaizungushia duara meza moja ambayo habari zote huikimbilia na kubanana hapo. Ni ya mhariri. Mhariri akasema hesabu si za kutumiwa kwa binadamu. Mwenye gazeti akaupiga picha mchoro.

Nimerudishiwa kiti, na neno kichochoro nimelipokea kama sifa. Naomba basi uyafute yote niliyoandika hapo juu. Barabara ibaki imefungwa, na ikiwezekana mtafute nyingine. Mhariri amejifungia ofisini anakuandikia malalamiko. Yakikufika, yasome kwa huruma, ila usiyatilie maanani: ni mtu asiyethamini utafiti.