Maharage ya Kukwepa Dakika Moja

Jumatatu, 2 Februari

Balaa! Madamu Eliza, mwalimu wetu wa Kiingereza, katangaza kwamba Jumatatu ijayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu atasimama mstarini mbele ya shule nzima na kuongea Kiingereza kwa dakika moja. Dakika moja! Mimi hata sekunde tano sijawahi kufika. Mwaka jana nilisimama, nikasema "Good morning", nikanyamaza, nikasema tena "Good morning", nikarudi kwenye mstari. Toka siku hiyo jina la Sabra limekufa. Naitwa Gudimoning. Hata mpishi wa shule ananiita hivyo, tena kwa upendo, ndiyo inauma zaidi.

Lakini kuna mlango wa nyuma. Wiki hii tunakusanya matumizi ya kitenzi kimoja tu, take. Atakayeleta sentensi nyingi kuliko wote atasamehewa ile dakika. Masharti: sentensi iwe imetoka kinywani mwa mtu, na useme ni nani na wapi. Kamusi marufuku. Simu marufuku. Ukibishiwa, ulete shahidi.

Nathanaeli kanyoosha mkono kabla Madamu hajamaliza. Nathanaeli hunyoosha mkono hata ikiulizwa nani kavunja dirisha. Kaka yake anatembeza watalii, kwa hiyo sentensi anazo nyumbani kama kuni. Na kusimama mbele za watu haogopi! Anataka kushinda msamaha asiouhitaji. Huo ni uchoyo.

Mpango wangu uko tayari. Mimi sitaongea na Mzungu yeyote. Ataongea Bibi.

Jumanne, 3 Februari

Bibi, mama yake baba, anauza mapeasi kando ya njia ya kwenda Irente, wanakopita wageni. Kiingereza chake ni "welcome" na "very sweet". Lakini anaongea na kila kiumbe. Juzi nimemkuta anamsimulia mbuzi wa jirani habari za harusi.

Nimemwambia akisikia "teki" popote, aikariri sentensi nzima. Kaniuliza ataikumbukaje na kuandika hajui. Kisha kajijibu mwenyewe. Kachukua kopo la mbegu, kasema kila sentensi itapewa harage lake na kufungwa kwenye pindo la kanga. Nikamwambia, Bibi wewe ni kompyuta. Kasema nisimtukane.

Jioni karudi na punje tatu. Harage la njano: kijana mwenye kofia, Bibi alipokuwa anamchagulia mapeasi, alisema "teki yo taimu", yaani asiharakishe. Harage jekundu: binti aliomba kumpiga picha, "ken ai teki a picha". Kunde: mzee mwenye fimbo mbili alisema "ail teki foo", akabeba mapeasi manne. Bibi katoa sauti ya kila mmoja. Ya yule mzee kaitoa puani.

Nimeandika zote. Hiki kitenzi ni kama sufuria letu kubwa, la kupikia ugali, la kuchemshia chai ya msiba na la kuogeshea mtoto. Sisi picha tunapiga, dawa tunameza, basi tunapanda. Wao yote ni take. Watu wenye ndege, na sufuria moja!

Jumatano, 4 Februari

Nathanaeli ana kumi na mbili. Anazisoma kwa sauti saa ya mapumziko, kila moja kwa lafudhi ya nchi yake.

Nikaona nijitutumue. Baada ya shule nilikwenda stendi, nikajibanza nyuma ya lori la kabichi, karibu na wageni wawili waliokuwa wanasubiri gari la Mlalo. Nikatega sikio. Mmoja akasema kitu chenye take ndani yake, nilisikia kabisa! Nikafungua daftari. Lori likaondoka.

Nilibaki nimechuchumaa katikati ya stendi na kalamu mkononi. Yule mama Mzungu akainama, akaniuliza jambo, taratibu, kwa upole mkubwa. Nikamjibu, "Good morning."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Bibi kaleta sita. Jumla tisa. Amani iwe kwake.

Alhamisi, 5 Februari

Nimerudi kutoka shuleni, nimekuta Bibi amekaa kwenye kigoda, kimya. Bibi kimya! Nikajua kuna maafa.

Jana alizimwaga zile punje tisa kwenye kikombe, afue kanga. Mama akakuta kikombe cha maharage jikoni. Mama akafanya ambacho mama yeyote wa Lushoto angefanya. Zimo kwenye makande.

Mama kajitetea kwamba nyumba hii haijawahi kuwa na maharage ya kusoma. Nikataka kulia. Bibi kaomba sahani yake na taa. Akaanza kuchambua makande kwa kidole, polepole, huku yanapoa na Mama anaguna. Harage la njano, huyu hapa, teki yo taimu. Kunde, mzee wa fimbo. Lile la madoadoa, mwanamke aliyemwambia mumewe "teki it izi" mume alipoteleza kwenye utelezi na kukasirikia mlima. Kaokoa nane. Jekundu ndilo lilikuwa gumu, maana makande yote ya Mama ni maharage mekundu. Bibi kala sahani nzima akilitafuta. Kaongeza ya pili. Mwishowe katwaa moja tu, kasema la picha ni hili, na kama si hili basi litajifunza.

Nikamwambia abadilishe, aweke makavu. Kakataa. Sentensi zimeshaingia humo, kasema, hazihamishiki. Kazianika juu ya ungo. Mama kauliza yeye sasa apepetee mchele kwenye nini.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemhonga Nathanaeli. Nilimpelekea mapeasi matatu, nikamwomba apunguze kasi. Kayala yote matatu mbele yangu, kafuta mdomo, kasema kaandika mbili zaidi njiani. Kisha kacheka, "Wewe Gudimoning, bibi yako anajua Kiingereza tangu lini? Mimi nitabisha. Utaleta shahidi gani, tenga la mapeasi?"

Mapeasi yetu. Na mbegu kanirudishia.

Nyumbani nimemsimulia Bibi, nimechanganya na machozi kidogo ili anionee huruma. Kauliza tu shule inaanza saa ngapi.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda na Bibi kwenye meza yake. Nimekaa chini nyuma ya tenga, kazi yangu kuandika. Mpango mzuri kuliko yote: yeye mdomo, mimi kalamu. Aina za maharage zimekaribia kuisha, sasa tunachanganya na mbegu za maboga na punje za mahindi.

Saa sita akapita bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, magoti yamechafuka kwa udongo. Akaonja peasi, akafumba macho. Bibi naye akafumba macho, kumsindikiza. Wakacheka. Ndipo yule mgeni akachungulia nyuma ya tenga akaniona. Nikajifunika na daftari. Akanitazama, akamtazama Bibi, akasema, "She takes after you."

Ninaijua hiyo. Madamu alitufundisha muhula uliopita. Maana yake nimefanana na Bibi, nimemfuata yeye.

Bibi karudia mara tatu, "shi teksi afta yu", kafungia harage jeupe, dogo kuliko yote. Kisha kaniuliza lina maana gani. Nikamwambia ni maneno ya mizigo.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Uso uliniwaka. Usiku huu nimejitazama kwenye kioo cha Mama. Masikio, ndiyo. Na kidevu. Lakini Bibi haogopi mtu. Yule mgeni hakuniona vizuri, nilikuwa nyuma ya daftari.

Jumapili, 8 Februari

Ninazo ishirini na moja. Nathanaeli, kwa habari za kuaminika kutoka kwa mdogo wake, ana ishirini. Nimeokoka!

Bibi kapiga pasi kanga yake ya sikukuu. Nimemuuliza anakwenda wapi kesho. Kasema mjini. Sikuuliza zaidi, nilikuwa na furaha zangu.

Jumatatu, 9 Februari

Nitaandika yote, neno kwa neno.

Mstarini. Madamu Eliza kasoma matokeo. Sabra ishirini na moja, Nathanaeli ishirini, Sabra amesamehewa. Raha yangu ilidumu muda wa kupiga chafya. Mkono wa Nathanaeli ukapanda. Anabisha. Bibi wa mapeasi hajui Kiingereza, kasema, Sabra katunga. Madamu kaniuliza kama nina shahidi. Nilikuwa nafungua mdomo niseme basi, achukue yeye, nitasimama nife.

Sauti ikatoka getini. "Shahidi huyu hapa anapanda ngazi, msimharakishe, magoti haya si ya shule."

Bibi! Kanga ya sikukuu, pindo limevimba kama tundu la nyuki. Shule nzima ikaamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akamuuliza na Madamu hali ya nyumbani kwao, akamalizia na mlinzi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani kumkimbilia, vyote kwa pamoja.

Akafungua pindo. Harage la njano, teki yo taimu, na sauti ya kijana mwenye kofia. Watu wakacheka. Kunde, kwa pua. Wakacheka zaidi. La nne, wakaanza kusikiliza.

La tano akalitoa, likawa limepondeka. Rojo tupu kidoleni. Makande yamelimaliza. Bibi akaligeuza. Akalinusa. Midomo ikacheza bila sauti. Kimya kikashuka juu ya mstari mzima.

Kile kimya nakijua. Kile ni changu. Nimelala nacho mwaka mzima. Na sasa kimemkalia Bibi yangu, na anatazama huku na huku, ananitafuta mimi.

Sijui miguu ilikwendaje. Nilijikuta kando yake, nasema lile ni la madoadoa, ni mwanamke ambaye mumewe aliteleza Irente, "Take it easy", yaani tulia. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili Bibi afuate. Akashusha pumzi. Akatoa linalofuata. Yeye akawa anasema, mimi naeleza. La sita. La kumi. Mbegu ya boga. Punje ya mahindi. Hata sikuona watu, niliona vidole vyake tu.

Likabaki jeupe. "Shi teksi afta yu." Madamu akauliza maana yake.

Nikasema kwa Kiingereza. Bibi akanivuta mkono, na yeye aambiwe. Nikamwambia, yule mgeni alisema nimefanana na wewe, Bibi.

Bibi akauliza, mbele ya watu mia nne, mbona siku ile ilikuwa mizigo? Shule ikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba niliona haya, maana yeye haogopi na mimi naogopa, nikadhani mgeni kakosea. Bibi akasema alipoletwa nyumba hii kama bibi harusi alijificha nyuma ya pipa la maji siku mbili, wakawa wanampitishia chakula kwa juu. "Mdomo huu nimeuokota ukubwani," kasema.

Halafu akainua kanga kujifuta macho, akasahau pindo alilorudishia punje. Maharage yakamwagika uwanja mzima. Wa kwanza kupiga magoti kuyaokota alikuwa Nathanaeli. Kaniletea kiganjani, hajanitazama usoni. Kasema ni ishirini tu, na la rojo la ishirini na moja, kahesabu. Kisha kasema, "Chukua, Sabra."

Sabra! Kasema Sabra!

Madamu katazama saa yake. Dakika kumi na moja, kasema.

Jumanne, 10 Februari

Janga jipya. Madamu kaniteua kwenye mdahalo wa Kiingereza wa mwezi wa nne, Mlalo, dhidi ya shule nyingine. Eti nimeonyesha naweza. Nimemweleza kwamba aliyeongea ni Bibi, mimi nilikuwa naokoa maharage tu. Hakuelewa. Watu wazima wakishikilia jambo!

Lakini nimeshapata mpango. Nitazimia. Nitasalimia, nitazimia, watanibeba, mwisho wa mambo. Nathanaeli kaahidi kunifundisha, dada yake huzimia kila mwaka kwenye kwaya. Jioni nimeanza mazoezi chumbani, juu ya godoro, taratibu.

Bibi kafungua mlango katikati ya mazoezi. Nikamweleza yote. Hakunikemea. Kakaa kitandani, kafikiri, kaniuliza nitaangukia upande gani, ili siku hiyo asimame upande huo.