Nyota kwenye Herufi ya 4,112

Jumatatu, 4 Machi 2002. Ngara mjini.

Leo nimeanza kazi ya kunipaisha. Mimi, Frednand, mtoto wa wakulima wa Ntobeye, nimekabidhiwa kutengeneza programu ya ofisi yetu. Tunawatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana nao. Orodha yetu ni andiko moja refu ndani ya kompyuta, majina zaidi ya mia tatu. Ndugu wa mtu akipatikana, programu inakumbuka mahali pa jina lake, na siku ya kuchapa inaweka nyota hapo. Ijumaa wenye nyota wanaitwa kambini kwa kipaza sauti. Jumamosi wanapanda gari kwenda kuonana na ndugu.

Programu itakumbukaje mahali? Rahisi! Nahesabu herufi kutoka juu. Mzee Ndikuriyo yuko herufi ya 4,112. Huyu ana miaka tisa anamtafuta binti yake, Kezia. Amepatikana Nyakahura, kwa watu waliomlea. Jumanne ijayo anahamia Kahama na mumewe, na huko hatuna mtu. Ni Jumamosi hii au basi tena.

Maulidi kaanza ujuaji wake. Ni mwenzangu kwenye kompyuta, kwao wana duka la vitenge sokoni. Kasema kwenye zana za Java, lugha ya kuandikia programu, kuna alama maalumu, inashikamana na neno lenyewe. Maneno yakiongezwa juu, alama inahama pamoja na neno lake. Namba haihami. Akasema ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba mkeo ni wa saba kwenye foleni ya bomba, halafu wakaingia watu mbele. Nikacheka. Nikamwomba kitabu chake cha maelekezo, nimekificha chini ya godoro. Mkuu wetu, Mzee Bulugu, atapeleka mmoja wetu mafunzo Mwanza, na sitaki Maulidi azidi kusoma.

Na ni Kwaresima. Nitaungama.

Jumanne, 5 Machi.

Karani wetu, Bi Speciosa, kaongeza wazee watatu kwenye orodha. Kawaandika juu kabisa. Nikamuuliza kwa nini asiandike chini, ndiko kwenye nafasi. Alinitazama kana kwamba sikulelewa. Akasema mzee hawekwi nyuma ya vijana, hata kwenye pombe anatangulia yeye, na kama kwetu Ntobeye tumeacha adabu nimwambie. Nikasema hatujaacha. Maulidi akanikazia macho. Mimi nikatazama dirishani.

Alhamisi, 7 Machi.

Nimechapa. Nyota moja imeangukia katikati ya jina: Ana*tory. Mashine ya kuchapa imezeeka, hiyo. Nimeifungua, nimefuta wino, nimechafua shati la ofisini. Sikuchapa tena. Karatasi ni haba.

Ijumaa, 8 Machi.

Speciosa karudi kutoka kambini amenuna. Alikuwa amemnong'oneza Mzee Ndikuriyo kwamba wiki hii ni yake. Mzee akanyoa ndevu, akakaa mbele ya kipaza sauti tangu asubuhi. Majina yakasomwa yote. La kwake halikuwemo. Akauliza kwa upole kama kuna karatasi nyingine.

Speciosa akaniuliza kama nina hakika na mashine yangu. Nikamjibu kompyuta haikosei. Nimelisema hilo kwa sauti, mbele ya Mzee Bulugu.

Jumamosi, 9 Machi. Nyakahura.

Aibu. Aibu tupu. Naandika nikiwa nyuma ya choo cha watu.

Niliomba kuongozana na gari ili niwemo kwenye picha. Nikakaa mbele na dereva, nikasinzia mpaka tunafika. Sikumtazama tuliyempakia nyuma. Uani kwao Kezia kumejaa majirani. Ndizi zimepikwa, mbuzi kachinjwa, mikeka imetandikwa. Kezia katoka amejifunga kitenge kipya. Nikafungua mlango wa nyuma kwa madaha, nikamkaribisha baba.

Akashuka kijana wa miaka ishirini na miwili.

Ndiye Anatory, aliyeangukiwa na nyota ya mzee. Anamtafuta shangazi yake. Alikuwa amepiga pasi shati, akadhani shangazi ndiye huyu. Wakatazamana. Bibi mmoja akauliza baba gani huyu mdogo kuliko mwanawe, watu wakacheka kidogo, kisha wakaona uso wa Kezia wakarudi kwenye mikeka. Kezia hakulia. Alimkaribisha Anatory ndani, akampa ile sahani aliyomwandalia baba yake. Kijana akala huku machozi yanamtoka.

Na mimi nilipewa sahani. Nikala. Ndilo linalonichoma zaidi.

Jumapili, 10 Machi.

Misa ya kwanza. Nikaenda kuungama. Nikaeleza la kitabu. La herufi nikasema kuna mtu ofisini kwetu kakosea kuhesabu. Padri akaniuliza ni mtu gani huyo. Nikasema Maulidi.

Nimesingizia mtu ndani ya kitubio! Tena Mwislamu, hata kitubio chenyewe hana habari nacho. Komunyo sikupokea. Mama kaniuliza kama naumwa tumbo, nikasema ndiyo.

Jumatatu, 11 Machi.

Mzee Bulugu katuita wote, akauliza nani kafanya. Nikatazama viatu vyangu. Maulidi akasema tumekosea sisi wawili, kwa sababu yeye alijua na hakusisitiza. Afadhali angenizaba kofi.

Alfajiri, Speciosa alikuwa ameshamchukua Mzee Ndikuriyo kwa gari la abiria, bila kumwuliza mtu. Wamemkuta Kezia anafunga mizigo. Speciosa anasema mzee alishika upande wa pili wa kamba, akaanza kumsaidia mwanawe kufunga godoro. Wakaenda hivyo mpaka fundo la mwisho, ndipo Kezia alipomtazama mikono, akamjua.

Jumanne, 12 Machi.

Mzee Ndikuriyo kapitia ofisini. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba Mungu ambariki aliyeandika ile programu. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli. Nikasema amina.

Sijapata kujichukia namna hii. Nimeapa kubadilika.

Jumatano, 13 Machi.

Maulidi kaondoka asubuhi, kwenda mafunzo Mwanza. Kabla ya hapo alikesha akiweka zile alama zake kila jina, namba zangu kazifuta zote.

Nimezikagua. Sizielewi. Alama haionyeshi iko wapi mpaka uiulize! Mtu mwenye dhamana anataka namba anayoiona kwa macho. Nimeziondoa, nimerudisha zangu.

Na nitamlipa Anatory fidia, maana jana habari zimekuja: shangazi yake yupo, mzima, Biharamulo. Kijana kaambiwa, kapiga pasi shati tena. Nyota yake nimeiweka kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi ya 4,109. Safari hii nimehesabu mara mbili, kwa kidole, kwenye kioo cha kompyuta.

Speciosa kaingia na wazee wanne wapya. Kaniuliza kwa sauti ya baridi awaandike wapi. Nikasimama kwa heshima, nikampisha kiti. Nikamwambia juu kabisa, Bi Speciosa, wazee watangulie.