Pete Iliyolala Kwenye Soksi

Jumatatu, 3 Machi

Nina kitu nilichokificha miaka thelathini na moja. Pete ya shaba ya manjano, tundu lake milimita thelathini kamili, nzito kama yai la bata. Iko ndani ya soksi ya kijivu, soksi iko ndani ya kiatu, kiatu kiko chini ya kitanda ninachofia. Kila mtu anajua kwamba pete ile ilipotea tulipohamisha karakana. Niliipoteza mimi, kwa uangalifu mkubwa.

Muuguzi alikuja asubuhi. Akausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kupita adabu. Nikamuuliza nimebakiza siku ngapi. Akasema mzee, wewe kunywa maji. Nimeelewa.

Mchana akapita binti yangu, ambaye ndiye anayeiendesha karakana sasa. Kiwanda cha pampu kimeagiza pini mia tatu za shaba. Pini zile zile za zamani, kwa pampu zile zile za zamani, ambazo kumbe bado zinazunguka. Mkaguzi wao atakuja Jumatano ya wiki ijayo, na wasiporidhika, wataagiza kwingine moja kwa moja. Mashine yake mpya ya kompyuta inakereza vizuri. Anachokosa ni mtu wa kukagua pini moja moja kwa mkono, na anamtaka mmoja tu: mjomba wake. Mjomba amekataa. Amesema mikono iliyoharibu pini mia tatu isiguse ya mia tatu na moja.

Mjomba huyo ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Karakanani tulimwita Unywele. Alikuwa akipitisha kidole juu ya shaba anakwambia imezidi nusu ya unywele, na chombo cha kupimia kinakuja kukubaliana naye baadaye. Hakuwa na cheti hata kimoja. Mimi nilikuwa na vinne, ukutani, kwenye fremu.

Unywele hakuharibu kitu. Najua, kwa sababu niliharibu mimi.

Kazi ya siku zilizobaki: jina lake lisafike, langu lisichafuke. Kwa mwenye vyeti vinne, si kazi kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ilivyokuwa, kabla kumbukumbu haijanikimbia.

Baba mkwe, mwenye karakana, alikuwa na sheria moja. Pini na pete zilale pamoja juu ya meza ya jiwe saa nzima kabla ya kupimana. Shaba ikipata joto huvimba, ikipoa husinyaa. Zikilala pamoja, joto lao linakuwa moja. Pini sahihi hupita kwenye pete kwa shida kidogo, kama mtu anayevaa kiatu kipya. Isiyopita imezidi.

Mkaguzi nilikuwa mimi. Sikupenda kuona kila mtu anaishika pete, kwa hiyo nilitembea nayo mfukoni mwa suruali. Unywele alipotaka kupanga mashine yake kwa kazi ya kiwanda cha pampu, ilimbidi anijie. Nikampa pete yenye joto la paja langu, imevimba sehemu moja ya mia ya milimita. Akapanga mashine kwa pete hiyo. Pini zote zikazidi kiasi hicho hicho.

Kiwanda kikarudisha sanduku zima. Baba mkwe akazilaza pini saa nzima, haikupita hata moja. Nikasema kwamba nilikagua kumi za mwanzo zikawa sawa. Bila shaka kisu cha mashine kililika baadaye na Unywele hakuhisi. Yeye akaviangalia vidole vyake, mbele na nyuma. Wiki ile ile alivua ovaroli, akaenda kuwa kinyozi. Funguo za karakana zikaja kwangu.

Hila ya kwanza. Barua isiyo na jina, kutoka kwa "mfanyakazi wa zamani", inayoeleza kwamba mlinzi wetu aliweka jiko la mkaa karibu na meza ya jiwe. Mlinzi ni marehemu na hana ndugu wa kulalamika. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Muuguzi ataipeleka karakanani.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu amekuja na barua mkononi. Akaniuliza kama namjua mfanyakazi yeyote wa zamani anayepiga mstari chini ya kichwa cha barua kwa rula, anayezipa aya zake namba, na anayeweka "nakala: faili" chini kabisa. Nikasema zamani shule zilikuwa nzuri. Akasema Baba, hebu lala.

Aliikunja barua akaitia mkobani. Sikuipenda namna alivyoikunja.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kunyolewa. Unywele huja kila Alhamisi na wembe wake, miaka thelathini na moja sasa. Hajawahi kukosa, hajawahi kutaka chochote. Anaamini kwamba aliiangusha nyumba ya baba yake na mimi ndiye niliyeinyanyua. Kunyoa kidevu changu ni namna yake ya kuomba radhi. Mimi nimekuwa nikipokea. Ananyoa vizuri mno.

Hila ya pili: agundue mwenyewe. Nikaanza kwa mbali. Nikasema joto la siku hizi limezidi, hata vyuma vinavimba. Akasema ndiyo, shemeji. Nikasema shaba huvimba zaidi ya chuma. Akasimamisha wembe. Akasema shemeji, leo unanifundisha shaba mimi, geuza shavu huko.

Nikamuuliza kwa nini anamkatalia mpwa wake. Akasema kwenye rafu ya kioo chake, pale anaponyolea watu, ameweka pini moja katika zile mia tatu. Kila asubuhi anaishika kabla ya kufungua duka. Kila asubuhi vidole vinamwambia kwamba iko sawa na pete aliyopewa. Sasa vidole vinavyodanganya namna hiyo, akasema, mtu atavipeleka wapi?

Nikasema maji ya kunyolea yamepoa. Ndilo lililonijia.

Ijumaa, 7 Machi

Hila ya tatu, ya kisayansi. Niipashe pete joto la mwili kama siku ile, nimpe binti yangu aijaribu na pini ya mjomba wake, kisha aijaribu tena ikiwa baridi. Ataelewa mwenyewe, nami nitashangaa pamoja naye.

Nimeitoa kwenye soksi. Nimeiweka chini ya paja saa mbili. Baridi. Nimeishika viganjani. Baridi. Nimeitia kwapani na kulala chali bila kutikisika. Hapo akaingia muuguzi na kipimajoto chake, akataka kwapa hilo hilo. Nikampa la pili. Akasema la pili alilipima jana. Tukavutana. Pete ikadondoka, ikaviringika hadi mlangoni, ikasimama miguuni pa binti yangu, aliyekuwa ndio kwanza anaingia.

Muuguzi akauliza kama hiyo ni pete ya ndoa ya tembo. Kisha akasoma kipimajoto, akasema mzee, kwapa lako halipashi hata uzi. Siku hizi mwili wangu hauna joto la kuharibu kitu.

Binti yangu hakucheka. Aliigeuza pete, akaona alama ya babu yake pembeni. Akasema Jumapili atakuja na Mjomba, na pini ya Mjomba, na atafurahi kusikia pete iliyopotea inafanya nini kwapani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri mchana kutwa. Nikikana, nitaonekana mwongo. Nikisema yote, nitakuwa mwongo aliyethibitishwa. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi nzuri ya kusimama: kosa la bahati mbaya. Ujana. Kutojua. Mfuko wa suruali.

Mfuko alishona fundi cherehani. Sitalitaja hilo ila likihitajika.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja wote wawili. Unywele alivaa koti. Pini ilikuwa imefungwa kwenye leso, kama dawa.

Nikaomba pini na pete vilazwe saa nzima juu ya sakafu, tukakaa kuvitazama kama watu wanaosubiri gari. Saa ilipokwisha binti yangu akajaribu. Haikupita. Nikamwambia aitie pete kwenye maji ya moto. Akaitoa kwa kitambaa, akaisukuma kwenye pini. Ikapita kwa ulaini. Tukasubiri. Pete ilipopoa ikaing'ang'ania pini, hata Unywele alipovuta kwa mikono miwili haikuachia.

Hapo nikasema. Kwamba pete ilikuwa mfukoni mwangu. Kwamba ilikuwa na joto nilipompa. Kwamba nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nikaona aibu, nikaificha. Sauti yangu ilitetemeka mahali panapofaa.

Nilijiandaa kutukanwa; nilikuwa na majibu mawili tayari. Unywele akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya shaba, pale pini ilipoingia kwenye pete. Akasema basi havikudanganya. Akarudia, basi havikudanganya. Akatoka nje kunawa uso. Aliporudi akanishika bega, akasema shemeji, kusema namna hii mbele ya mtoto si mchezo, wengine wanakufa nalo.

Binti yangu alinibusu kwenye paji la uso. Nikajisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima. Ningejua kukiri ni kutamu hivi, ningefanya mapema, na mbele ya watu wengi zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mkaguzi wa kiwanda amekuja karakanani na kuondoka. Binti yangu alinipigia simu akisikika kama mtu aliyekimbia. Siku tatu Unywele amekagua pini moja moja, amevaa ovaroli yake ya zamani, inayombana tumbo. Alizilaza zote saa nzima pamoja na pete ya babu, waliyoichomoa kwenye pini kwa maji ya moto. Mia tatu zimepita. Mkaguzi alijaribu kumi, kisha akauliza yule mzee ni nani, kwa sababu mzee huyo alimtajia moja iliyopungua nusu ya unywele kabla ya kuipima, na ikawa hivyo. Wameagiza mia tatu nyingine.

Nikasema nimefurahi. Nikauliza kama mkaguzi aliuliza habari zangu. Hakuuliza. Nikapendekeza cheti cha ukaguzi kiwe na sahihi mbili, ya Unywele na chini yake, au juu yake, ya mkaguzi wa heshima. Binti yangu akasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 13 Machi

Unywele amekuja kuninyoa, ingawa sasa hana deni lolote kwangu. Alikuwa na harufu ya mafuta ya mashine. Alipiga mluzi. Ananikera akipiga mluzi.

Ameniletea pete niitunze, kwa sababu nimeitunza vizuri muda wote huu. Alisema bila kejeli, nami nilimchunguza kwa makini. Wakiihitaji wataifuata. Nimeitia mfuko wa pajama.

Wembe ulipofika chini ya kidevu akauliza jambo moja. Asubuhi ile lori lilipokuja kuchukua pini, shemeji, hukuzijaribu tena hata moja? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama fundi anayemuuliza fundi. Nikasema hapana, na ningejua ningelisimamisha lori kwa mwili wangu. Akasema najua, shemeji. Akanifuta povu.

Kwa hiyo mambo yamekaa sawa. Nimemwomba binti yangu, siku ya maziko, aliyeandaliwa kuzungumza ataje ujasiri wa kukiri. Nimemwandalia aya tatu, zenye namba. Daftari hili muuguzi ameahidi kulichoma bila kulisoma, nami namwamini, kwa kuwa inanifaa kumwamini.

Limebaki moja. Siku moja kabla ya lori, baba mkwe alisema kwamba sanduku likipokelewa, funguo za karakana atampa Unywele. Jioni ile mke wangu alifua suruali yangu, akaiweka pete kwenye dirisha la karakana, iliyopakana na nyumba yetu. Asubuhi niliikuta baridi kabisa, kando ya sanduku lililo wazi, lenye pini zilizolala humo tangu jana yake. Nikajaribu moja. Haikupita. Nikajaribu ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na mbili. Dereva akauliza apakie au asipakie.

Nikamwambia pakia.