Stendi Fupi, Mlima Mrefu

Chome, Jumatatu, 3 Agosti 1953

Siku njema kwa watu wenye akili. Mimi mmojawapo.

Jana nilianguka mbele ya kanisa. Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Pikipiki aliyoniachia yule Mzungu wa shamba la mkonge kule Bendera aliporudi kwao ni ndefu, na miguu yangu Mungu aliikatisha mapema. Nikitaka kusimama lazima nitafute ukingo wa barabara niukanyage. Chome kingo hazikosekani. Ila pale mlangoni mwa kanisa hazipo. Nikaning'inia kidogo, nikaenda chini. Ibada ndiyo kwanza inatoka! Priska, msichana ninayetaka kumposa, yupo. Mwalimu Lukasi, mtu mwenye miguu mirefu asiyoitumia kwa lolote la maana, akaniuliza kwa upole kama niletewe ngazi. Wanakwaya wakacheka kwa sauti zote nne.

Leo nimelimaliza jambo. Springi za nyuma nimezifungua, nimezipunguza kwa msumeno wa chuma. Za mbele nimezilegeza. Pikipiki imeshuka. Nyayo zangu zote mbili chini, visigino na vyote! Mama ametazama, akasema sasa inafanana na mbwa aliyechapwa. Mama hajui mambo ya springi.

Nikashusha stendi, ule mguu wa chuma wa kushoto unaoiegemeza isianguke. Nikarudi nyuma niitazame. Imesimama wima kama askari wa boma. Kisha kama askari wa boma aliyetoka kilabuni. Ikaenda kulia, juu ya maharage ya Mama.

Nimetafakari. Pikipiki imeshuka, stendi haijashuka. Kesho nakata.

Habari kubwa: Mzee Sefania, mzee wa kanisa na baba yake Priska, anasema karabai ya kanisa inafika Same kwa treni Ijumaa. Anataka iwake ibada ya Jumapili jioni. Nimemwendea, shikamoo za kutosha. Nikamweleza kwamba kwa pikipiki hiyo ni safari ya kwenda na kurudi tu. Alifikiri mpaka nikachoka kusimama. Akasema haya, nikiifikisha nzima, washenga wangu wakija Jumatatu watakuta mlango wazi. Na ikifika vipande? Hakumaliza. Hakuwa na haja ya kumaliza.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekata stendi. Fundi wa kweli hakati mara moja. Hukata, husimamisha, hutazama, hukata tena. Nilipimia uani kwetu, pale pale ninapoiegesha siku zote, mlima mkono wa kushoto, bonde mkono wa kulia. Kufikia adhuhuri ikakaa sawasawa, imeegemea kidogo kama mzee na fimbo yake. Nikaitikisa. Haianguki!

Priska alipita na debe la maji kichwani. Alisimama kuangalia, na maji hayakumwagika hata tone, jambo ambalo lilinikera kidogo. Aliuliza kwa nini sijaijaribu mahali pengine, au japo nikaigeuza itazame huko ilikotoka. Nikamwambia ardhi ni ardhi. Akasema kama ardhi ni ardhi, basi nikapande migomba Same.

Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimeshika msumeno.

Jumatano, 5 Agosti

Baragumu alfajiri. Msaragambo! Kijiji kizima na majembe, kwenda kuzibua mfongo, yaani mfereji wetu unaoshusha maji toka msituni mpaka mashambani. Anayelipuliza ni Simeoni, mlinzi wa mfongo. Hulipuliza kama anayemdai kila mtu binafsi.

Mtu mwenye safari ya Ijumaa hawezi kuchezea matope Jumatano. Nikamwomba Mama aende, na akiulizwa aseme naumwa tumbo. Akauliza ni tumbo gani hilo lililokula viazi vyote vya jana. Lakini alienda.

Mimi nikabaki kufanya mazoezi ya kuegesha. Nawasha, nazunguka mgomba, nasimama, nashusha stendi. Safi kila mara. Nilichosahau ni kwamba sauti ya pikipiki Chome haikai uani. Inavuka bonde, inagonga mlima wa pili, inarudi. Walioko mfongoni walilisikia tumbo langu likizunguka mgomba asubuhi nzima.

Mchana wakaja. Simeoni mbele. Hakugomba. Alinipa pole ya ugonjwa, akamkamata jogoo. Ndiyo desturi: asiyefika kwenye msaragambo hutoa kitoweo kwa waliofika. Wakamchinja, wakamwondoa. Mama ndiye aliyempika, huko huko mfongoni, na amerudi jioni akisifia mchuzi. Lukasi, nasikia, alipewa paja, na alikaa kando ya Priska muda mrefu akilila. Paja moja! Mtu mwenye shughuli zake angelimaliza kwa kutafuna mara tatu.

Alhamisi, 6 Agosti

Shangazi Dina amekuja. Ndiye atakayeniongozea washenga. Alinishauri nichukue jiwe bapa nilifunge kwenye keria, mahali pakinikataa niliweke chini ya stendi. Nimekataa kwa heshima. Mtu aliyepima habebi jiwe. Shangazi akasema hata wenye busara hubeba mwavuli. Nikamwambia mvua haina vipimo.

Lukasi ameteremka leo kwa miguu kwenda Same kuchukua chaki za shule. Kabeba kikapu cha majani makavu ya mgomba. Ya nini, sijui. Labda ndiyo chakula cha walimu.

Same, Ijumaa, 7 Agosti

Naandika kwa hasira. Same ni mji mbaya.

Kuteremka nimeteremka vizuri. Mbuzi wamenipisha. Nimefika stesheni, joto kama tanuri, nimekabidhiwa karabai ndani ya kasha lake jepesi la mbao. Nikaifunga kwenye keria, upande wa kushoto, upande wa stendi, nikijua huko ndiko kwenye nguvu. Watu wamejaa, treni imesimama. Nikashusha stendi kwa kisigino, bila kutazama, kama mtu aliyezoea. Nikasogea kando ili waone.

Wakaona. Pikipiki ikainama. Nikadhani itakoma. Ikaendelea kuinama kwa heshima zote, kama anayemsalimia mkwe, mpaka ikalala. Upande gani? Ule wenye nguvu.

Ndani ya kasha kukasikika mlio mdogo. Nilijua mara moja. Kioo!

Salimu, anayepakua mizigo stesheni, akaniuliza kama huko kwetu milimani hata mbuzi wana miguu mifupi upande mmoja. Askari wa boma akaja kuuliza kama nimelewa. Nimewaeleza wote wawili kwamba kosa ni la uwanja wao. Ni bapa! Mtu ataegeshaje mahali ambapo hakuna juu wala chini? Walishika mbavu tu.

Na nani akatokea katikati ya kicheko? Lukasi na chaki zake. Akafungua kasha, akatazama. Taa yenyewe nzima, kioo ndicho kimekwisha. Hakucheka. Huyu mtu hana hata uungwana wa kunicheka. Akatoa majani makavu ya mgomba kikapuni, akaizungushia taa, akajaza kasha mpaka juu. Akasema anaweza kuibeba kichwani hadi Chome. Ahaa! Na mlango wa Mzee Sefania aukute wazi yeye? Nimemshukuru, nikamnyang'anya kasha.

Mpango: mama muuza chai wa hapa stesheni, Mwamvita, amenipa kioo cha chemli yake mbovu. Kimekaa kwenye karabai kama kofia ya mtu mwingine. Nimekibana kwa waya. Usiku hautaona tofauti.

Nalala kwa Salimu. Anakoroma. Hata usingizini anaonekana kunicheka.

Chome, Jumamosi, 8 Agosti

Asubuhi nimerekebisha stendi. Imekuwa fupi? Nairefusha! Nimefunga gogo dogo chini yake kwa waya, nimepimia uwanja ule ule wa stesheni ulioniaibisha. Ikasimama! Nikamwita Salimu atazame. Akatazama, akauliza ninakokwenda ni hapa hapa? Wivu.

Nikapanda mlima. Nimefika kwa Mzee Sefania jua lingalipo. Mzee yuko barazani, Priska anachambua mchicha, majirani wamesikia mlio wamekuja. Nikaingia uani kwa mbwembwe. Mlima mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, mfongo. Nikashusha stendi kwa kisigino, bila kutazama.

Ikaenda kulia.

Yote. Pikipiki mfongoni, magurudumu juu. Kamba ikakatika, kasha likaelea. Lilielea vizuri sana, kwa sababu ya yale majani ya mgomba. Nikalikimbilia. Likanipita. Maji yalikuwa mengi, yana kasi, hakuna nyasi, hakuna tope, hakuna hata kijiti cha kulizuia. Simeoni, akikimbia kando yangu kwa raha ya mwenye mfongo, alinifahamisha kwamba wiki iliyopita kasha lingekwama hapo hapo kwa Mzee. Ila Jumatano watu walifanya kazi.

Likateremka mpaka shuleni. Alilidaka Lukasi. Ndiyo kwanza amefika na chaki.

Jumapili, 9 Agosti

Karabai imewaka. Kanisa jeupe hadi darini. Lukasi aliikausha, akakitoa kile kioo changu cha chemli na waya wake, akakiinua kidogo watu wakione. Labda hakukusudia. Akaweka kioo kipya. Alikuwa amekitafuta madukani Same Ijumaa ile ile, akakibeba ndani ya majani yake hadi juu. Hakuniambia! Angeniambia ningekichukua.

Priska aliongoza wimbo. Mwanga wote ulikuwa usoni kwake. Sitaandika zaidi.

Baada ya ibada Shangazi Dina akaniletea neno: kesho mlango wa Mzee utakuwa wazi, lakini kwa washenga wa Mwalimu. Nikamfuata Priska nje. Nikamwambia si haki, msichana kutolewa kwa sababu ya taa. Alishangaa kweli. Akasema taa ni mambo ya baba yake na kanisa lake. Yeye na Lukasi walikubaliana Jumatano, wamekaa mfongoni, baada ya kazi. Alinisubiri hata mimi siku hiyo, alisema, walau aone nitakuja na jembe.

Kisha akaniambia pole. Na kwamba jogoo alikuwa mtamu.

Jogoo wangu!

Jumatatu, 10 Agosti

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jibu. Yote yaliyonipata yana chanzo kimoja, nami nimekigundua peke yangu: springi bado ni ndefu.

Fikiri. Pikipiki imeopolewa mfongoni, ila gogo limechukuliwa na maji, stendi imebaki fupi. Stendi iliyokatwa hairudi. Basi kinachotakiwa kuifuata stendi ni pikipiki. Nimekata springi tena. Nikatazama, nikakata tena. Sasa tumbo la injini limekaa chini kabisa, na pikipiki inasimama yenyewe. Mlimani inasimama, bapa ingesimama. Haihitaji stendi! Pikipiki ya kwanza ya namna hii Upare yote. Kwenda haiendi, lakini hilo ni jambo la baadaye.

Baragumu hilo. Simeoni tena. Msaragambo wa kuchimba kiwanja cha nyumba ya Lukasi, mlimani upande wa kwa Mzee. Nasikia wanataka kukisawazisha kiwe bapa. Mawazo ya Same hayo!

Nimemwambia Mama aseme naumwa mgongo. Jogoo wa mwisho nilitaka kumficha chini ya pikipiki.

Hapana nafasi.